Moyamoya inaanzaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dalili za mwanzo

Moyamoya ni nini hasa?

Ni ugonjwa adimu wa mishipa ya damu ya ubongo. Kuna ateri mbili kubwa zinapanda shingoni, moja kulia moja kushoto, zinaitwa karotidi, zikishaingia ndani ya fuvu zinagawanyika kupeleka damu sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo, sasa pale pale zinapogawanyika ndipo ugonjwa unapoanzia. Ukuta wa ndani wa mshipa unanenepa taratibu, miezi hata miaka, mpaka tundu linabaki jembamba sana au linaziba kabisa. Hayo sio mafuta ya kolestero, ndio maana unaweza kumkuta mtoto wa miaka 6 anao wakati hana presha wala sukari.

Ubongo nao haukai kimya. Damu ikipungua unaotesha vishipa vidogo vidogo vingi kwenye kitako chake ili damu ipite kwa njia nyingine, na hivyo vishipa kwenye angiogramu, yaani picha ya mishipa ya damu, vinaonekana kama moshi. Ugonjwa ulielezewa kwanza Japani mwaka 1957 na Takeuchi na Shimizu, halafu 1969 Suzuki na Takaku wakaupa hili jina la moyamoya, neno la Kijapani la kitu chenye ukungu kama moshi, kwasababu ya huo moshi.

Ni wa Wajapani peke yao?

Hapana. Japani na Korea ndiko unakoonekana zaidi, lakini umepatikana kwa watu wa asili zote duniani. Wanawake wanaupata karibu mara mbili ya wanaume. Umri una vilele viwili, kimoja watoto wa kama miaka 5 hadi 10, kingine watu wazima wa miaka ya 40 hivi. Ukiwa katikati hapo haimaanishi umesalimika, ni kwamba tu wengi wanagundulika kwenye hivyo vipindi.

Dalili ya kwanza kabisa inakuwaje?

Inategemea umri, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea maana wanasoma orodha ya dalili kumi wanadhani zote lazima ziwepo.

Kwa mtoto, mara nyingi inaanza kwa ubongo kukosa damu ya kutosha kwa muda mfupi, yaani kiharusi cha kupita. Mkono unalegea ghafla, kijiko kinamdondoka, au mguu unaburuta, au mdomo unaenda upande, au anataka kuongea maneno hayatoki, anakutazama tu. Inakaa dakika chache afu inaachia. Anarudi kucheza kama hakuna kilichotokea. Wengine bahati mbaya hawapati hilo onyo, wanaanza na kiharusi kamili kinachobaki.

Kwa mtu mzima njia ni mbili. Kuna wanaoanza kama watoto, kwa kukosa damu, na kuna wanaoanza kwa damu kuvuja ndani ya ubongo. Hii ya kuvuja damu inaonekana sana kwa watu wazima wa Asia ya Mashariki, wakati Marekani na Ulaya watu wazima wengi wanaanza na ile ya kukosa damu.

Halafu kuna kundi la wanaoanza na kuumwa kichwa, na kundi la wanaoanza na kifafa, na kundi dogo la wasio na dalili yoyote, walipigwa MRI (picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku) kwa sababu nyingine kabisa ikaonekana.

Mbona inatokea mtoto akilia? Mtoto wangu akilia sana mkono unakosa nguvu

Hili swali ndilo la maana kuliko yote kwenye ukurasa huu, naomba usiliruke hata kama mwanao haliagi hivyo.

Mtoto akilia kwa kwikwi anahema haraka haraka na kwa nguvu, na ukihema hivyo unaitoa sana hewa ya ukaa mwilini. Hewa ya ukaa ndiyo inayoiambia mishipa ya ubongo itanuke, ikipungua kwenye damu mishipa inajibana. Kwa mtu mzima wa afya hamna shida, labda utasikia kizunguzungu kidogo na ganzi vidoleni. Lakini mwenye moyamoya mishipa yake iliyo mbele ya pale palipobana imeshatanuka mpaka mwisho ili kuvuta kila tone, haina akiba tena, sasa ikijibana hata kidogo tu kuna sehemu ya ubongo inabaki haina damu ya kutosha na kiungo kinachoongozwa na sehemu hiyo kinazima. Ukimaliza kulia hewa inarudi sawa, mishipa inaachia, mkono unarudi. Wengine dalili inakuja hata baada ya mtoto kushanyamaza, kwahiyo mzazi hata haunganishi hivyo vitu viwili.

Na sio kulia tu. Kitu chochote kinachofanya mtu aheme kwa nguvu kinaweza kuleta hali hiyo hiyo:

- kupuliza chakula cha moto kabla ya kula
- kupuliza filimbi, tarumbeta, au puto
- kuimba kwa sauti kubwa muda mrefu
- kukimbia mbio, kuogelea
- kucheka mpaka kushika mbavu, ndiyo, hata kicheko

Homa, kutapika na kuharisha nazo zinachochea ila kwa njia nyingine, mwili unakauka maji, damu inayofika kichwani inapungua.

Mtu akisoma hivyo anaweza akaogopa kila mtoto anayelia. Usiogope hivyo. Watoto wote wanalia na wengine wanabana pumzi mpaka wanabadilika rangi, hiyo ni habari nyingine. Kinachotafutwa hapa ni udhaifu wa upande mmoja, au maneno kupotea, unaojirudia kwenye mazingira yale yale. Mtoto anayelia mkono wake wa kulia ukaning'inia wakati wa kushoto anautumia kufuta machozi, huyo anahitaji picha ya mishipa ya kichwa.

Inakaa muda gani?

Mara nyingi dakika chache, mara nyingine nusu saa. Ikipita saa nzima bado haijaachia uwezekano ni mkubwa sehemu ya ubongo imeshaumia. Lakini tafadhali usikae na saa mkononi ukisubiri iachie ndio uamue.

Ikiisha yenyewe si amepona?

Hapana, na kama kuna kitu kimoja ningetaka kila mzazi na kila daktari wa zamu akishike ni hiki. Kuisha kwa dalili kunamaanisha damu imerudi safari hii, mshipa wenyewe uko pale pale umebana vile vile na utaendelea kubana. Moyamoya kwa watoto inasonga mbele, tofauti ni kasi tu. Zile dakika chache za mkono kulegea ndio kipindi kizuri zaidi cha kuugundua ugonjwa maana ubongo bado mzima, picha inaweza isionyeshe kovu hata moja, upasuaji ukifanyika hapo mtoto ana nafasi kubwa ya kukua kawaida. Ukisubiri mpaka dalili isiyoisha unakuwa unapeleka hospitali mtoto aliyeshapoteza kitu.

Na ile kauli ya "alipofika kwa daktari alikuwa mzima kabisa tukarudishwa nyumbani" inasikika sana. Kwenye huu ugonjwa mtoto KUWA mzima mbele ya daktari ndio kawaida yake.

Leo kushoto, mwezi uliopita kulia. Inawezekana?

Inawezekana, na hiyo ni dokezo kubwa. Moyamoya kwa kawaida inashika pande zote mbili za ubongo ingawa sio lazima kwa kiwango sawa, kwahiyo udhaifu unaweza kuhama. Watu wengi wakiona dalili inahama wanaanza kumshuku mtoto anadeka au anaigiza, wanasema ugonjwa wa kweli ungekaa sehemu moja. Kwenye moyamoya ni kinyume, kuhama ndio kunakoongeza wasiwasi. Upande mmoja peke yake pia upo, na tangu vigezo vya Japani vilipofanyiwa marekebisho hata wa upande mmoja anahesabiwa kuwa na ugonjwa wenyewe.

Kichwa tu kinauma, inaweza kuwa dalili ya kwanza?

Ndiyo. Watoto wengi wenye moyamoya wanaumwa kichwa, mara nyingi asubuhi wakiamka, wakati mwingine na kichefuchefu au kutapika, kinafanana mno na kipandauso. Inadhaniwa vile vishipa vya msaada vikitanuka vinavuta utando wa ubongo wenye hisia za maumivu, ila sio kila kitu kwenye haya maumivu kimeeleweka.

Sasa kichwa kinauma watu wengi sana na moyamoya ni adimu, kwahiyo kichwa peke yake ni ushahidi dhaifu. Kinachokipa uzito ni kampani yake, yaani kichwa pamoja na ganzi ya upande mmoja, au na maneno kuchanganyika, au kichwa kinachomwamsha mtoto usingizini, au kichwa kwa mtoto mwenye sikoseli. Na tahadhari moja, dawa za kipandauso za kundi la triptani zinabana mishipa, mtu mwenye kipandauso kinacholegeza upande mmoja asipewe hizo kienyeji kabla mishipa yake haijaangaliwa.

Alianza na kifafa, wakasema ni kifafa tu

Kifafa kinaweza kweli kuwa mlango wa kwanza, hasa kwa watoto wadogo, maana sehemu ya ubongo iliyokosa damu au iliyopata kovu inatoa umeme ovyo. Kifafa cha upande mmoja kinachoacha mkono umelegea baadaye kinahitaji picha ya ubongo na mishipa, dawa ya kifafa peke yake haitoshi.

Kuna jambo hapa la kipimo cha EEG, kile cha kubandika nyaya kichwani. Kwa kawaida fundi anamwambia mtoto apulize kwa nguvu kama dakika 3, kwa kusudi, ili kuchokoza umeme wa ubongo. Kwa mwenye moyamoya huko kupuliza ni hatari, kunaweza kuleta udhaifu hapo hapo kitini, hata kiharusi. Kama daktari ameshaanza kuushuku ugonjwa hicho kipengele kinarukwa, mzazi mkumbushe fundi, sio kumfundisha kazi. Na waliowahi kupulizishwa kabla ugonjwa haujajulikana, karatasi zao wakati mwingine zinaonyesha kitu cha ajabu, mawimbi mazito yanatulia mtoto akiacha kupuliza kisha dakika moja hivi baadaye yanarudi tena makubwa. Msomaji mzoefu akiona hivyo anafikiria moyamoya mara moja.

Na mtoto mdogo asiyejua kuongea?

Hawa ndio wanaonisikitisha. Mtoto chini ya miaka 3 au 4 hawezi kukuambia mkono wangu una ganzi, kwahiyo vile viharusi vya kupita vinapita kweli bila mtu kujua, na kwao ugonjwa mara nyingi unaenda kasi. Wengi wanakuja na kiharusi kamili au kifafa. Angalia kama mtoto wa miezi michache tayari anapendelea mkono mmoja, watoto kabla ya mwaka mmoja hawana upande, akiutelekeza mmoja kuna sababu, ambayo mara nyingi sio moyamoya lakini inastahili kutafutwa. Angalia pia mtoto aliyekuwa anatembea vizuri akaanza kuanguka upande ule ule.

Walimu wanalalamika ameshuka shuleni, inahusiana?

Inaweza. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayokosa damu sana kwenye ugonjwa huu na ndiyo inayoshika umakini, kupanga mambo, kujizuia. Mtoto anakuwa mzito kumaliza kazi, anasahau maelekezo ya hatua tatu, hasira za ghafla. Peke yake hiyo isikupeleke kwenye moyamoya, sababu za kushuka shuleni ni chungu nzima. Kwa watu wazima pia ipo, mtu anakosea hesabu alizokuwa anazifanya kazini kila siku, familia inasema ni msongo.

Kwa mtu mzima kuvuja damu kunakuwaje?

Ghafla. Kichwa kikali kuliko alivyowahi kusikia, kutapika, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, na wengine wanazimia kabisa. Damu inavuja kwasababu vile vishipa vya msaada ni vyembamba na dhaifu, vimebebeshwa kazi ya mishipa mikubwa miaka na miaka, kuna vinavyofanya uvimbe mdogo ukutani na kupasuka. Mara nyingi damu inamwagika katikati ya ubongo au kwenye vile vyumba vya maji vya ndani.

Kijana au mtu wa makamo asiye na presha anayevuja damu ndani ya ubongo anatakiwa apigwe picha ya mishipa kabla watu hawajasema "ni presha tu ilipanda". Presha ikipimwa siku hiyo itakuwa juu kwa wengi, mwili ukivuja damu kichwani unaipandisha wenyewe, kwahiyo namba ya siku hiyo haimalizi mjadala.

Na aliyevuja mara moja anaweza kuvuja tena. Kuna utafiti wa Japani unaitwa JAM, matokeo yalitoka 2014, ulifuatilia watu wazima 80 waliovuja damu, ambao hawakufanyiwa upasuaji walivuja tena kwa kiwango cha 7.6% kwa mwaka na waliofanyiwa baipasi (upasuaji wa kuupa ubongo njia mpya ya damu) 2.7% kwa mwaka.

Kuna dalili zisizo za kawaida?

Zipo. Mkono au mguu kucheza wenyewe, unanyonganyonga bila mtu kutaka, kwasababu sehemu za chini za ubongo zinazotuliza mwendo zimekosa damu. Mkono kutetemeka kwa mapigo makubwa pale mtu anaposimama ghafla, inafanana na kifafa lakini ni damu imepungua. Kuona nusu ya picha, upande mmoja giza, pale mishipa ya nyuma nayo ikishaingia kwenye ugonjwa. Watu wachache wana umbo la ajabu la mshipa wa fahamu wa jicho tangu kuzaliwa, linaloonekana daktari akichungulia nyuma ya jicho, hao nao ni vizuri wapigwe picha ya mishipa ya ubongo.

Nani aangaliwe kwa karibu zaidi?

Kuna moyamoya ya peke yake na kuna inayokuja juu ya ugonjwa mwingine. Hiyo ya pili inaonekana kwa wenye sikoseli, wenye Down sindromu, wenye nyurofibromatosisi aina ya 1 (hao wana madoa mengi ya kahawia kwenye ngozi), waliopigwa mionzi ya kichwa utotoni kwa ajili ya uvimbe, na baadhi ya wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi.

Kwenye sikoseli nikae kidogo. Watoto wenye sikoseli aina ya SS, yaani waliorithi jeni ya sikoseli kwa baba na kwa mama, wana hatari kubwa ya kiharusi na baadhi yao mishipa inabana mpaka inakuwa moyamoya kamili. Uzuri ni kwamba kuna kipimo rahisi kisichouma, ultrasaundi ya kichwa inayopima kasi ya damu, inaitwa TCD. Kasi ikiwa sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ni kubwa, na tangu utafiti wa STOP wa mwaka 1998 inajulikana kwamba kuongezewa damu kwa utaratibu kunapunguza sana hicho kiharusi cha kwanza. Kipimo kinashauriwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Kwahiyo kwa mtoto wa sikoseli usisubiri dalili ndio uanze kuuliza. Na mtoto wa sikoseli mkono ukilegea usiseme ni maumivu ya kawaida ya ugonjwa wake, maumivu yanamfanya asitake kuunyanyua, ila kiharusi kinamfanya asiweze, mwambie akubane vidole vyako kwa mikono yote miwili utasikia tofauti.

CT skani ilikuwa safi. Nimeshapona wasiwasi?

Bado. CT ya kawaida inaangalia nyama ya ubongo, ikitafuta damu iliyomwagika au kovu kubwa. Aliyepata kiharusi cha kupita CT yake inaweza kuwa safi kabisa wakati mishipa imebana vibaya. Kinachotakiwa ni picha ya mishipa yenyewe, MRI pamoja na MRA (MRI inayoonyesha mishipa), au CT ya mishipa kama MRI haipatikani. Uliza hivyo hivyo, "je, mishipa imepigwa picha?" maana majibu yakisema ubongo kawaida hayajasema chochote kuhusu mishipa. Kwenye MRI kuna vidoti vyeusi kwenye kitako cha ubongo, hivyo ndio vile vishipa vya msaada, vimekatwa kwa upande.

Angiogramu ya kupitisha mrija kwenye mshipa ndiyo inayoonyesha kila kitu, na inatumika kupanga upasuaji na kupima hatua za Suzuki, yaani ugonjwa umefika wapi, ziko 6. Kitu kinachowashangaza watu ni kwamba ule moshi unaongezeka hatua za katikati kisha unapungua hatua za mwisho, kwahiyo moshi kidogo sio lazima iwe habari njema.

Huwa unachanganywa na nini?

Kipandauso, kifafa, wasiwasi na kuhema kwa hofu, kuigiza, kwa watu wazima hata ugonjwa wa kuharibika ganda la neva. Hili la hofu linakera kidogo kwasababu mtu mwenye hofu anahema haraka, anapata ganzi, na mwenye moyamoya naye akihema haraka anapata ganzi. Tofauti ni kwamba ganzi ya hofu kwa kawaida inashika vidole vya mikono yote na kuzunguka mdomo, haikuachi na mguu mmoja unaburuta.

Ikitokea sasa hivi nifanye nini?

Mlaze chali, mtulize, ongea naye polepole ili aheme polepole. Angalia saa ilianza saa ngapi. Usimpe chakula wala maji kama mdomo umepinda au anaongea kama amelewa, anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini kwa kujiamulia, hujui kama ni kukosa damu au damu inavuja mpaka picha ipigwe. Na usimmezeshe vidonge vya kushusha presha vya mtu mwingine, kwenye moyamoya presha ikiporomoka ghafla damu inayofika kwenye ubongo ulio na njaa inaporomoka nayo. Peleka hospitali hata kama njiani ameshakuwa sawa.

Kwa anayesubiri vipimo: maji ya kutosha kila siku, homa ishushwe mapema, kutapika na kuharisha zisiachwe nyumbani siku mbili tatu. Hata kutoa damu tu kwa mtoto, ni bora atulizwe kwanza, sio kushikwa na watu wanne akipiga kelele. Ni jambo dogo linaloweza kumwepushia kiharusi.

Nikimwona daktari niseme nini?

Usiseme "alilegea kidogo". Sema kiungo gani, upande gani, dakika ngapi, alikuwa anafanya nini kabla, na imetokea mara ngapi. Kama una simu mrekodi, sekunde ishirini za video ya mkono uliolegea na uso wake zinafanya kazi kuliko maelezo ya nusu saa, mwambie anyanyue mikono yote miwili mbele yako wakati unarekodi. Taja kama kuna sikoseli, Down, mionzi ya zamani au ndugu aliyepata kiharusi akiwa mdogo. Na unaruhusiwa kulitaja neno moyamoya, daktari kasoma mara moja chuoni na labda hajawahi kumwona mgonjwa, hakuna dharau hapo.

Kuna dawa?

Dawa ya kuzuia mishipa isibane hamna mpaka sasa. Aspirini inatumika kwa wengi wa kundi la kukosa damu, kuzuia damu isigande kwenye sehemu nyembamba. Tiba yenyewe ni upasuaji wa kuleta damu mpya. Njia moja ni baipasi ya moja kwa moja, mshipa wa ngozi ya kichwa unaunganishwa na mshipa wa ubongo, damu inaingia siku hiyo hiyo. Nyingine ni kulaza mshipa au msuli juu ya ubongo ili mishipa mipya iote yenyewe, inachukua miezi, na kwa watoto inafanya kazi vizuri sana kwasababu miili yao inaotesha haraka. Vishipa vya watoto mara nyingi ni vidogo na ni vigumu kushonwa, ni sababu nyingine hiyo.

Nina mimba na nimegundulika nao

Wanawake wengi wenye moyamoya wanajifungua salama, ila daktari wa uzazi na wa ubongo wajuane mapema. Hatari ziko kwenye presha kupanda na kwenye uchungu, maana uchungu unamfanya mtu aheme kwa nguvu, kwahiyo kutuliza maumivu hapa ni sehemu ya kulinda ubongo.

Ndugu zake wapimwe?

Japani kama mgonjwa 1 kati ya 10 hivi ana ndugu mwenye ugonjwa huo huo. Mwaka 2011 jeni inayoitwa RNF213 ilitambuliwa, badiliko lake moja linapatikana kwa wagonjwa wengi wa Asia ya Mashariki, lakini watu wengi wenye hilo badiliko hawaugui maisha yao yote, kwahiyo kipimo cha jeni peke yake hakikuambii utaugua. Ndugu mwenye dalili yoyote ya hizi za hapa juu apigwe MRI na MRA bila mjadala. Ndugu asiye na dalili, jadilini na daktari, hasa kama wagonjwa kwenye familia wameshafika wawili.

Unaambukiza?

Hapana.